Reli Zetu Zilipopelekwa Jukwaani

Reli za kufundishia wagonjwa kutembea katika hospitali niliyofanyia kazi hapa Eldoret zilikatwa kwa msumeno, zikapakwa rangi, zikafanywa vishikio vya ngazi za jukwaa ili wakubwa wasiteleze wakipanda kuhutubia wananchi. Wakati zinakatwa, kulikuwa na mtu wodini aliyekuwa ameanza kusimama kwa kuzishika. Hakuna aliyemwuliza. Mimi niliyekuwa mkuu wa idara sikuulizwa pia. Niliambiwa tu kwamba zinapakwa rangi na zingerudi baada ya muda mfupi.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana niliowaacha katika idara ya tiba ya viungo waliniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi, na nadhani walitarajia maneno ya kutia moyo. Yapo, lakini si mengi, na siyo yanayonijia nikiamka asubuhi. Vyeo na mishahara nitaviruka, havina hadithi. Hospitali sitaitaja. Waliofanya kazi pale wataijua, na waliokata reli, kama wangali hai, watajijua.

Nilifika Eldoret mwaka ule nchi ilipopata rais wa pili. Kwetu ni Nyanza, karibu na maji, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kuna mahali Kenya ambapo mtu huvaa sweta mbili mwezi wa Julai. Langoni askari alilitazama koti langu jeupe.

"Wewe ni nesi?"

"Hapana. Ni tiba ya viungo."

"Aa, ya kuchua! Pita hapo nyuma ya mochari, karibu na stoo ya makaa. Kuna mzee huko anachua pia."

Mzee mwenyewe, Bwana Odhiambo, hakuwa anachua mtu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na spana mkononi, akikaza nati za mabomba mawili marefu ya chuma yaliyosimama sambamba katikati ya chumba. Mabomba hayo yalifika kiunoni, yakianzia karibu na mlango na kuishia mbele ya kioo kikubwa ukutani. Miguu ya mabomba ilikuwa imefungwa kwa bolti ndani ya saruji. Alikuwa ameyaomba kwa fundi wa karakana ya reli, na ndiyo maana sisi sote, pamoja na wagonjwa, tuliyaita reli. Mgonjwa husimama katikati yake, akashika huku na huku, akajifunza upya kile ambacho wengine hatukumbuki tulikijifunza lini.

Bwana Odhiambo hakunikaribisha kiti. Alichukua vipande viwili vya plasta ngumu, akavifunga kwa bandeji nyuma ya magoti yangu mpaka miguu ikawa kama mipini ya jembe, kisha akaniambia, "Ingia. Tembea."

Niliingia kwenye reli na diploma yangu. Nilijaribu kuinua mguu, nyonga ikakataa. Nilijaribu kuutupa mbele, nikayumba. Viganja vilinitoka jasho mpaka vikaanza kuteleza juu ya chuma. Nilipofika katikati nilisimama kuvuta pumzi.

"Kila mtu husimama hapo," alisema. "Angalia chuma."

Kweli, katikati ya reli palikuwa pameng'aa kuliko kwingine kote, pamelainishwa na viganja vya watu waliosimama kupumzika.

"Sasa unajua mgonjwa anaogopa nini," Bwana Odhiambo alisema. "Haogopi maumivu, anaogopa sakafu. Ukimwondolea hofu ya sakafu, miguu yenyewe itakusikiliza. Na hapa hatuchui watu, bibie, tunawafundisha. Wakikuuliza, waambie hivyo."

Niliwaambia hivyo kwa muda wote niliofanya kazi. Sijui ni wangapi walisikia.

Kazi yenyewe siku zile ilikuwa hivi. Daktari alipita wodini na wauguzi na wanafunzi wake, akaandika agizo. Sisi wa tiba ya viungo hatukualikwa kwenye raundi hiyo. Tulipata agizo baadaye, na mara nyingi lilikuwa neno moja: massage, yaani kuchua. Aliyevunjika paja, massage. Mtoto wa polio ambaye goti lilikuwa limeanza kujikunja, massage. Alikuja mama mmoja kutoka mji mdogo wa Ziwa, si mbali na hapa, ambaye bega lake lilikuwa limekakamaa asiweze kukamua ng'ombe, naye akaandikiwa hilo hilo. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyelijaribu bega lenyewe, akasema, "Daktari hakunishika. Aliniuliza nikiwa mlangoni." Ukibadilisha agizo uliitwa kujieleza. Usipolibadilisha mgonjwa hakupona, na hapo ilisemwa kwamba hawa watu wa mazoezi hawana faida. Bwana Odhiambo alikuwa amepata njia yake: alimpaka mgonjwa mafuta kidogo ili agizo litimie, kisha akaanza kazi ya kweli.

Alipostaafu akarudi kwao Siaya, idara ilibaki na watu wawili, mimi na Grace Jepkosgei.

Jepkosgei alitoka Ainabkoi. Alikuwa msaidizi, na lazima niwaeleze maana ya neno hilo, kwa sababu nyinyi mnakuta wasaidizi wakiwa na vyeti. Jepkosgei hakuwa na cheti. Aliajiriwa kama mfagiaji, Bwana Odhiambo akamtoa kwenye ufagio akamfundisha, na tangu siku hiyo alifanya kazi ya tiba huku ofisi ikiendelea kumhesabu kuwa mfagiaji. Alikwenda wodi ya watoto kuwatoa makohozi. Aliwafunga watoto wa polio vyuma vya miguu. Aliwainua wanaume wazito kuliko yeye mara mbili na hakuwahi kumwangusha mmoja. Kila mwaka aliomba kupelekwa chuo, na kila mwaka aliambiwa hawezi kuachiliwa kwa kuwa hakuna wa kushika nafasi yake. Nafasi ambayo ofisini haikuwepo! Alipoikumbusha ofisi jambo hilo, aliambiwa ana mdomo.

Na kweli alikuwa na mdomo. Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia kutoka wodi ya mbali ulisimama. Hilo ndilo lililotuponza, ingawa yeye hana lawama.

Katikati ya miaka ya themanini aliletwa kwetu Wafula. Alikuwa mpakiaji magogo katika kiwanda cha mbao, na siku moja mnyororo ulikatika juu ya lori, magogo yakaporomoka, moja likamlalia mgongoni. Mfupa wa uti wa mgongo ulivunjika, lakini kamba ya neva iliyo ndani yake haikukatika yote. Alilala chali kwa muda mrefu, akigeuzwa kama gogo lenyewe, watu watatu kwa pamoja, ili mgongo usijikunje. Jepkosgei ndiye aliyeona kidole gumba cha mguu wa kulia kikitikisika. Alikuja mbio mpaka nyuma ya mochari kuniita.

Baadaye nguvu za mapaja zikaanza kurudi, la kulia kwanza. Tukamfunga plasta nyuma ya magoti, tukamsukuma kwa kiti mpaka kwenye reli, tukamsimamisha. Alijitazama kwenye kioo.

"Kumbe mimi ni mrefu," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Nilimwuliza kama ninavyowauliza wote: unataka nini? Mmoja atakwambia anataka kurudi shambani, mwingine anataka kanisani. Wafula alikuwa amefikiri tayari.

"Madam Apiyo, mimi nataka kufika choo. Hiyo tu. Ploti yetu kule Huruma, choo iko mwisho, na kuna mtaro katikati. Bibi yangu ni mwembamba, hawezi kunibeba. Na majirani watanibeba mara ya kwanza, mara ya pili, halafu wataanza kufunga mlango wakinisikia naita."

"Na kukimbia je?" Jepkosgei alimtania. "Hapa ni Eldoret."

"Kukimbia nimewaachia nyinyi Wakalenjin. Sisi Wabukusu tutafika polepole."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu: kumfikisha Wafula chooni kwa miguu yake. Mkitaka kujua tiba ya viungo ni nini, ni hiyo. Kila asubuhi alikuwa kwenye reli. Tulimtoa plasta ya mguu wa kulia kwanza, kwa sababu goti hilo lilikuwa limeanza kujifunga lenyewe anaposimama, yaani misuli ya paja ililivuta likanyooka na kukaa. La kushoto lilikuwa bado linalegea. Lakini lilikuwa linatetemeka, na kutetemeka ni habari njema. Katika kipindi hicho mgonjwa hafai kukosa hata siku moja. Akilala kitandani, nyonga zinajikunja, visigino vinapanda, na mguu ulioanza kuamka unarudi kulala. Hayo niliyajua na Jepkosgei aliyajua. Daktari pia aliyasoma chuoni, nina hakika.

Ndipo kukatangazwa kwamba mgeni mkubwa wa Serikali angekuja Eldoret, na kwamba angepitia hospitalini kabla ya kwenda kwenye mkutano.

Wale ambao mlizaliwa baada ya vyama vingi labda hamjui kwamba siku zile kila kitu kilikuwa na kwaya. Shule ilikuwa na kwaya, kiwanda kilikuwa na kwaya, idara ya maji ilikuwa na kwaya hata pale mabomba yalipokuwa makavu. Hospitali yetu haikuwa nayo. Katibu wa hospitali, mtu nadhifu aliyevaa beji ya chama kwenye koti kila siku na Jumapili pia, aliamua aibu hiyo iishe, na yeye mwenyewe angeiongoza. Akatafuta chumba kikubwa chenye mwangwi. Akafika kwetu nyuma ya mochari akapiga makofi mara moja, akasikiliza, akatabasamu.

"Hapa ni pazuri sana. Lakini hizi vyuma ziko katikati."

"Ni za wagonjwa kutembelea," nilisema.

"Si watembee nje? Kuna hewa safi."

"Hawatembei bado, Katibu. Ndiyo sababu wako hapa."

Alidhani nimefanya mzaha, akacheka. Kisha akanitazama vizuri akaacha kucheka.

"Madam, nikiulizwa kwa nini hospitali haina kwaya, niseme nini? Kwamba idara ya mazoezi inapinga?"

Neno hilo, kupinga, lilikuwa na uzito siku zile. Mtu hakulisema hivi hivi, na mtu hakulijibu hivi hivi. Nilimwambia sipingi, ninauliza tu wagonjwa wangu wafanye nini. Akasema ni kwa muda mfupi, reli zitafunguliwa, zitapakwa rangi bure kwa faida ya idara, zitarudi mgeni akishaondoka. Kisha akamgeukia Jepkosgei.

"Wewe ndiye mwenye sauti? Utaanzisha wimbo. Kwaya ikifanya vizuri, wasaidizi wataenda chuo. Nimeshaongea na watu."

Niliuona uso wa Jepkosgei. Sitamlaumu kwa jinsi ulivyobadilika. Alikuwa ameomba kwa njia ya kazi miaka yote ile, akaona mlango unafunguka kwa njia ya wimbo. Kama mnataka kumkasirikia mtu, mkasirikie aliyeujenga mlango wa namna hiyo.

Mafundi walikuja na spana. Bolti zilikuwa zimeshika kutu ndani ya saruji, wakazipiga kwa nyundo. Wafula alikuwa ameletwa kwa mazoezi kama kawaida na akakuta reli zinatolewa mlangoni, mabegani mwa watu.

"Mnazipeleka wapi?" aliwauliza.

"Kupakwa rangi, mzee."

"Pakeni haraka. Mimi sijali rangi."

Tulijaribu mengine. Hospitali haikuwa na fremu ya kutembelea. Magongo ya kwapani yalikuwa mapema mno kwake, angeanguka mbele kama mlango. Tuliweka vitanda viwili vya wodi sambamba, ashike vyuma vya miguuni, lakini vitanda vile vilikuwa na magurudumu yasiyo na breki. Tulikuwa tunamshikilia mimi upande mmoja, Jepkosgei upande wa pili, huku yeye akituchekesha kwamba sasa anatembea na wake wawili. Kisha ratiba ya kwaya ikaongezwa, ikawa asubuhi na alasiri, na sote wawili tulitakiwa. Niliomba niachwe. Katibu akasema sauti ya tatu itapwaya. Sina sauti ya tatu wala ya nne, Bwana Odhiambo aliwahi kunikataza kuimba hata nikifua. Lakini jina langu lilisomwa kila asubuhi, na asiyeitika alifahamika.

Siku moja, tukiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Wafula aliamua kujaribu peke yake kati ya vile vitanda. Kimoja kilijisogeza. Alianguka. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila kiwiko kilichubuka. Lakini Sista wa wodi aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mgonjwa akivunjika ni yeye angejibu. Akapiga marufuku: hakuna kusimama wodini.

Tangu hapo Wafula alilala. Nilipita kwake mapema kabla ya kwaya kumnyoosha nyonga na visigino, na kila siku vilikuwa vigumu kidogo kuliko jana. Kila siku aliniuliza reli ziko wapi. Kila siku nilikwenda ofisini kuuliza, na kila siku nikaambiwa ziko kwa mpaka rangi, rangi haijakauka, ni hii baridi ya Eldoret. Rangi gani hiyo? Nimepaka nyumba nzima kwa siku mbili, msimu wa mvua.

Wiki ya mgeni ilipofika, agizo lilitoka kwamba wodi zipunguzwe watu. Tulikuwa tunawalaza wawili wawili kitanda kimoja, na haikufaa mgeni aone. Raundi ile sikualikwa, lakini nilikwenda. Nilisimama miguuni pa kitanda cha Wafula nikangoja. Daktari wa mifupa alifika na kundi lake.

"Huyu bado yuko?" alimwuliza Sista. "Anatembea?"

"Bado, Daktari."

"Basi aende nyumbani. Tumemfanyia yote."

"Daktari, hatujamfanyia yote," nilisema. "Goti la kulia linajifunga. La kushoto limeanza. Nipe reli zangu na muda kidogo, atatoka hapa akitembea."

Alimtazama Sista, si mimi. "Nani huyu?"

"Ni wa fizio, Daktari."

"Fizio, mimi nilikuandikia nini?"

"Massage."

"Na umefanya?"

Wafula alijibu kabla yangu. "Daktari, hiyo nimepata ya kutosha. Nimelainika kama andazi. Sasa ningeomba kupewa miguu."

Wanafunzi walicheka. Hata Daktari alicheka kidogo, akampiga Wafula begani kwa upole, kisha akaandika aende nyumbani. Sikumwona kuwa mtu mkatili. Alikuwa na mikono mizuri ya upasuaji na alifanya kazi mpaka akasinzia amesimama. Lakini aliamua juu ya miguu ya mtu bila kuishika, na aliyeishika kila siku alikuwa amesimama mbele yake akisema. Hilo halikuwa kosa la mtu mmoja. Ndivyo kazi ilivyopangwa. Ndiyo maana ninawaandikia nyinyi wala simwandikii yeye.

Bibi yake Wafula alikuja na mkokoteni wa kukodi. Tukamweka Wafula juu ya gunia lililojazwa majani. Nilimfundisha bibi yake, pale pale langoni, namna ya kumnyoosha visigino, naye akaitikia kwa kichwa mara nyingi kama watu wanavyofanya wakiwa hawasikii kwa hofu. Wafula alinipungia mkono.

"Madam, hizo vyuma zikirudi nitumie habari. Nitakuja hata na huu mkokoteni."

Nilisema nitamtumia.

Siku yenyewe tulivaa vitenge vya sare, tukapakiwa kwenye lori tangu alfajiri, tukapangwa mbele ya jukwaa chini ya jua. Jepkosgei alisimama hatua moja mbele yetu. Alianza wimbo, na uwanja wote ukanyamaza. Tulipoitikia nikainua macho kutazama ngazi za jukwaa, kwa sababu wakubwa walikuwa wanapanda.

Vishikio vya ngazi vilikuwa vya bomba la chuma lililopakwa rangi za bendera. Pande zote mbili. Sehemu moja, rangi ilikuwa imekataa kushika, imeanza kubanduka kwa sababu chuma chini yake kilikuwa laini mno. Nilipajua pale palipolainika. Viganja vyangu viliwahi kuteleza hapo siku ya kwanza ya kazi. Lakini hapakuwa katikati tena. Palikuwa mwishoni kabisa, chini ya ngazi, na ncha yake ilikuwa imekatwa na kuchomelewa kipande cha bati.

Mheshimiwa mmoja mnene alishika pale pale. Alishika vizuri sana, mkono mbele, mguu ukafuata. Hakuna mgonjwa wangu aliyewahi kushika vizuri zaidi.

Jepkosgei alikuwa karibu kuliko mimi. Aliziona. Nilijua kwa jinsi shingo yake ilivyokaza. Hakukosea hata neno moja la wimbo.

Tukirudi kwenye lori alikaa kando yangu, kitenge kimejaa vumbi.

"Umeziona?"

"Nimeziona."

"Walikata."

"Walikata."

"Na sisi tukaimba."



Kesho yake nilikwenda kwa Katibu. Sikubisha hodi. Nilimwambia reli zilikuwa zimeshakatwa wakati akiniambia rangi haijakauka. Hakukana. Alinyoosha tai yake akanijibu kwa utulivu, na maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

"Madam, ile ilikuwa chuma ya Serikali, na imetumika na Serikali. Nani ameiba? Mgeni ameshika, hakuanguka. Si ndiyo kazi yake hiyo chuma?"

Hakuna msaidizi aliyepelekwa chuo mwaka ule, wala uliofuata. Jepkosgei aliendelea kufanya kazi ya tiba na kuhesabiwa mfagiaji. Aliacha kuimba hata kanisani. Reli nyingine tulizipata baada ya muda mrefu, kutoka kwa fundi wa jua kali, fupi kuliko zile za kwanza. Mashimo ya bolti za zamani mnayaona sakafuni mpaka leo, yale mnayodhani ni ya panya.

Jumamosi ya tatu baada ya mkutano, mimi na Jepkosgei tulikwenda Huruma. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kama hospitali haina reli, tutamfanyisha mazoezi kwake, siku zetu za mapumziko, bila kumwambia mtu. Tuliulizia ploti ya Wafula aliyeangukiwa na magogo, tukaelekezwa.

Kitu cha kwanza tulichokiona uani kilikuwa reli.

Zilikuwa za miti ya mkaratusi, zimebanduliwa maganda, zimefungwa kwa waya juu ya vigingi vilivyochimbiwa ardhini. Mbili, sambamba, kimo cha kiuno. Zilianzia kwenye mlango wa chumba kimoja, zikavuka ua, zikapita juu ya mtaro ambapo ubao ulikuwa umelazwa, zikaelekea chooni. Hazikufika. Ziliishia hatua chache kabla ya mlango wa choo, na vigingi viwili vilikuwa vimelala chini bado havijachimbiwa. Juu ya reli zenyewe watu walikuwa wameanika nguo.

Mlango ulifunguliwa na mpangaji mpya. Wafula alikuwa ameondoka. Kaka yake alikuja na lori la mahindi, akamchukua yeye na bibi yake na watoto kwenda kwao, upande wa Bungoma. Kijiji gani? Hakujua. Wanawake wawili walikuwa wanaosha vyombo karibu na bomba, nikawauliza kama walimwona akizitumia zile reli.

"Sana," alisema mmoja. "Vijana wa kuchomelea vyuma hapo barabarani walimjengea. Alikuwa hapo kila asubuhi. Mimi kwa macho yangu nimemwona anafika choo."

Mwenzake aliacha kusugua sufuria. "Wee Mama Sarah, wacha uongo. Choo alikuwa anabebwa."

"Alibebwa mwanzo. Siku ya mwisho alifika!"

"Alifika kwa mtaro. Hapo akasimama, akaita bibi yake."

"Wewe ulikuwa soko siku hiyo."

"Na wewe ulikuwa umelala!"

Waliendelea kubishana hata tulipokuwa tumeshawapa mgongo. Jepkosgei aliondoa nguo za watu kwenye mti mmoja, akaupapasa kwa kiganja kuanzia mlangoni, akitafuta pale palipolainika. Lakini mkaratusi mbichi hauko kama chuma. Ulikuwa unanata utomvu kila mahali, sawasawa.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa aliyekuja kutoka upande wa Bungoma nilimwuliza kama anamjua Wafula mmoja aliyeangukiwa na magogo Eldoret. Wafula ni wengi kule. Wengine walinijibu kwamba wanamjua mmoja anayetembea kwa fimbo, wengine mmoja asiyetoka nyumbani, na hakuna aliyeweza kuniambia kama ni yeye. Nilichonacho ni kile nilichokishika kwa mikono yangu asubuhi ya mwisho wodini, kabla ya mkokoteni kuja: goti la kulia lilikuwa linajifunga lenyewe. La kushoto lilikuwa bado.